Je, Wajua? Mfalme wa Mombasa aliyegeuka haramia

Kwenye filamu za vibanda vya video vya Kawangware 46, Nairobi, maharamia Waviking hupora makanisa huku majoka yakitema moto. Ni burudani tosha. Lakini je, wajua kwamba Mombasa iliwahi kuwa na haramia wake mwenye taji, tena wa kweli kabisa?

Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto mdogo Wareno walipofanya njama iliyomuua baba yake, mfalme wa Mombasa. Wakampeleka Yusuf Goa, India. Huko mapadri Waagostino wakambatiza jina Jerónimo, naye akajifunza kutumia mizinga. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa akiwa mfalme Mkristo aliyeoa mke Mkristo. Wareno walidhani wamepata kibaraka.

Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Bikira Maria, aliingia Ngome ya Yesu na kumuua kwa kisu kapteni wa Wareno, Pedro Leitão de Gamboa. Akarudi kwenye Uislamu. Wakristo wa mji, Wareno kwa Waafrika, waliambiwa wasilimu au wafe. Wengi waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo.

Jeshi la Wareno kutoka Goa lilishindwa kumtoa. Hata hivyo, mwaka 1632 aliihama ngome, akachukua meli na kuwa haramia hadi kifo chake mwaka 1638. Goa nako, mapadri walikusanya ushahidi wa kiapo ili waliouawa watangazwe mashahidi wa imani. Ushahidi huohuo ndio unaotusimulia mengi kumhusu Yusuf, na ulitoka kwa maadui zake.