Unga una alama ya ubora, shahada ya mwanao je?

Mfanyabiashara anayevusha unga kutoka Kenya kwenda Uganda kupitia Busia anajua thamani ya alama ya ubora. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu viwango na ubora, ya mwaka 2006, inataka bidhaa yenye alama ya nchi moja mwanachama ipokewe katika nchi nyingine bila kupimwa upya. Usumbufu mpakani haujaisha, lakini kanuni ipo, na mwenye mzigo ana pa kuidai.

Shahada haijafika huko. Kijana wa Mwanza akihitimu Kampala na kurudi nyumbani, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huitathmini shahada yake kabla ya kuitambua. Kenya, Uganda na Rwanda nazo zina taratibu zao za kutambua vyeti vya nje. Hilo ni jambo zito kwa mzazi anayetoa ada kwenye faida ya vitenge, mchele au samaki. Mzigo uliokataliwa mpakani unaweza kurudishwa na kuuzwa ulikotoka, lakini miaka minne ya kijana hairudi.

Kinachoweza kuifanya shahada ivuke kama unga ni ukaguzi wa nje wa ubora. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limeandaa mwongozo wa pamoja wa kazi hiyo. Kwanza chuo hujitathmini chenyewe na kuandika ripoti. Kisha jopo la wataalamu wasio waajiriwa wa chuo hicho hufika kuona kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo. Huingia maktaba na maabara, huangalia sifa za wahadhiri, husoma mitihani iliyosahihishwa na kuzungumza na wanafunzi. Mwishoni hutoa ripoti yenye dosari na mapendekezo, na chuo hutakiwa kuonyesha kimerekebisha nini.

Makali ya ukaguzi wa namna hiyo yalionekana Rwanda mwanzoni mwa 2017. Baada ya ukaguzi wa wataalamu wa nje, Wizara ya Elimu ilisimamisha shughuli za vyuo vinne, na vingine sita vikaamriwa kusitisha baadhi ya kozi. Miongoni mwa vilivyoguswa kulikuwa na matawi ya vyuo vya nchi jirani. Baadhi viliruhusiwa kuendelea baada ya kurekebisha kasoro, lakini vingine havikufungua tena. Waliobaki njiani ni wanafunzi waliokuwa wamekwisha kulipa.

Funzo la Kigali ni kwamba jina kubwa la chuo mama halitoshi. Mdhibiti wa nchi lilipo tawi hukagua tawi lenyewe, na hata ndani ya chuo kimoja kozi moja inaweza kupita na nyingine ikakwama. Biashara inaweza kufundishwa vizuri katika jengo ambalo maabara yake ya tiba haina vifaa.

Mwaka 2023 Uganda ilitoa funzo jingine. Habari zilienea kwamba kozi nyingi za vyuo vikuu, vikiwemo vikongwe, zilikuwa zimeorodheshwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, kuwa muda wake umekwisha. Wahitimu walishtuka, kwa kuwa neno hilo linajulikana kwenye dawa na maziwa. Baraza likafafanua kwamba kozi hizo zilikuwa zimepitwa na wakati wa kutathminiwa upya, na kwamba shahada zilizokwisha kutolewa ni halali. Hata hivyo hofu ilikuwa imeshavuka mipaka. Ukaguzi unaocheleweshwa huacha mwenye cheti akijieleza kwa kosa ambalo si lake.

Nia ya kisiasa ipo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuane vyeti vya elimu na taaluma. Mei 20, 2017, wakuu wa nchi walilitangaza eneo la Jumuiya kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Kilichobaki ni kuaminiana. Dodoma haiwezi kupokea shahada ya Kampala bila kuipima upya kama haiamini macho ya waliokikagua chuo. Imani hiyo itakua pale majopo yatakapochanganya wataalamu wa nchi mbalimbali na ripoti zao kuwekwa wazi, wazazi wazisome.

Hadi hapo, mzazi afanye anachofanya sokoni: akague kabla ya kulipa. Aulize kwa mdhibiti wa nchi lilipo tawi, yaani TCU, NCHE, CUE ya Kenya au HEC ya Rwanda, kama kozi hiyo, katika tawi hilo, ina ithibati inayoendelea. Aulize pia mamlaka ya nchi ambako mtoto atafanya kazi kama shahada hiyo itatambuliwa. Kwa uuguzi, udaktari, uhandisi au sheria, abishe hodi na kwenye baraza la taaluma husika, kwa sababu ithibati ya tume peke yake haimpi mhitimu leseni ya kazi. Majibu ayapate kwa maandishi, na ayatunze pamoja na risiti za ada.