Shahada ya Lishe na Mlo-Tiba: Gharama Yake na Tija Yake Kikazi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga. Lakini ni haki ya anayeinama kujua mapema kina cha mvungu na kilichomo ndani yake. Makala haya yanadhamiria kupima gharama ya kusomea shahada ya lishe na mlo-tiba katika vyuo vikuu vya Kenya, na kuilinganisha na tija ambayo mhitimu anaweza kuitarajia kazini. Suala hili linawahusu hata wanaisimu, maadamu kazi yenyewe, kama itakavyobainika, ni kazi ya maneno.

Kiswahili humwita mtaalamu wa lishe yule anayeshughulikia afya ya jamii nzima na yule anayepanga mlo wa mgonjwa wodini. Huyu wa pili ndiye asiyeeleweka. Wengi humdhania kuwa mpishi aliyevaa koti jeupe. Ukweli ni kwamba yeye hukokotoa kiasi cha chakula kinachopitishwa kwa mpira puani mwa mgonjwa asiyeweza kumeza, na hupima protini ya mgonjwa wa figo. Mtoto mwenye unyafuzi humwanzishia maziwa ya tiba aina ya F-75 kabla ya kumhamishia F-100, kwa kuwa mwili uliozoea njaa ukishibishwa ghafla unaweza kufa. Kwa kutambua uzito huo, Bunge lilipitisha Sheria Na. 18 ya 2007 iliyounda taasisi ya kusimamia taaluma hii, KNDI. Shahada peke yake, kwa hivyo, haimruhusu mhitimu kufanya kazi. Sharti asajiliwe na apate leseni, na yote hayo hulipiwa.

Tukija kwenye gharama, karo ndiyo huonekana kwanza, ingawa si lazima iwe ndiyo nzito kuliko zote. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali alilipa takriban shilingi 16,000 kwa mwaka, ilhali mwenzake wa mpango sambamba, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Nairobi mnamo 1998, alibeba gharama yote. Mfumo wa ufadhili wa 2023 uligawa mzigo huo kati ya ruzuku, mkopo na familia kwa kuzingatia uwezo wa kila mzazi, na umepingwa mahakamani. Gharama iliyojificha ni ile ya mafunzo ya hospitalini. Mwanafunzi hupangiwa hospitali, pengine mbali na chuo na mbali na kwao. Hukodi chumba, hupanda matatu kila alfajiri, hula, na halipwi chochote. Aliyetoka katika familia maskini aghalabu hukopa zaidi katika kipindi hicho kuliko alivyokopa kwa ajili ya karo.

Mkopo nao una hesabu yake. Tuseme mwanafunzi amepokea shilingi 50,000 kwa mwaka kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, kwa miaka minne. Anadaiwa 200,000, na riba ya asilimia 4 ni 8,000 kwa mwaka. Deni hilo si la kutisha kwa mtu mwenye mshahara. Linatisha kwa asiye na kazi, kwani muda wa kusubiri baada ya masomo ni mwaka mmoja tu, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Miaka miwili ya kutolipa huzaa faini ya 120,000, zaidi ya nusu ya mkopo wenyewe. Ni kweli kwamba bodi imewahi kusamehe faini kwa waliolipa deni kwa mkupuo, lakini asiye na kazi atautoa wapi huo mkupuo?

Je, kazi zipo? Mahitaji yapo bila shaka. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Kilifi kiwango kilifika asilimia 37. Kwa upande wa pili, utafiti wa 2015 ulibaini kuwa asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliopita kiasi. Nchi moja ina njaa na kiribatumbo kwa wakati mmoja! Hata hivyo, mahitaji si ajira. Tangu huduma za afya zigatuliwe mnamo 2013, kaunti ndizo huajiri, na bajeti inapobana, daktari na muuguzi hutangulizwa. Mashirika ya misaada yaliwaajiri wengi Turkana, Dadaab na Kakuma, lakini kwa kandarasi. Marekani ilipoivunja USAID mnamo 2025, ilidhihirika jinsi ajira hizo zilivyotegemea uamuzi wa mbali.

Wapo wanaotazama ng'ambo. Hao wajue kwamba tangu Januari 1, 2024, Marekani humtaka anayefanya mtihani wa usajili wa taaluma hii awe na shahada ya uzamili. Mvungu umeongezwa kina.

Ndipo swali la stashahada linapoibuka. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, hufunza stashahada kwa miaka mitatu. Katika utumishi wa umma, mwenye stashahada kwa kawaida huanzia kundi H na mwenye shahada kundi K, kwa hivyo shahada ina tija ya dhahiri kwa aliyekwisha kuajiriwa. Kwa anayeanza bila mfadhili, kuanza na stashahada, kuajiriwa, kisha kusomea shahada akiwa na mshahara ni njia ndefu lakini yenye hatari ndogo zaidi. Mwenye ufadhili mkubwa hana sababu ya kuizunguka.

Kuna mtaji mmoja ambao mtaala haujautilia maanani: lugha. Mwanafunzi hufunzwa kwa Kiingereza, kisha hukabidhiwa mgonjwa wa kisukari huko Malindi. Akimwambia "punguza sukari", mgonjwa huacha sukari ya chai na kuendelea na mahamri sita. Akimwambia "punguza wanga", mzee anaweza kushtuka, kwani wanga anaowajua yeye ni wale wanaoroga usiku. Mshauri mwerevu hutaja ugali, chapati na viazi, na kuonyesha kipimo kwa ngumi ya mgonjwa mwenyewe. Mhitimu anayeweza hayo huwavuta wagonjwa kwenye kliniki yake binafsi na hufaa redioni. Istilahi zenyewe bado hazijakaa sawa: unyafuzi na utapiamlo huchanganywa hata katika vijitabu vya afya, na mlo-tiba kama jina la taaluma halijakubaliwa na wote. Hiyo ni kazi inayowasubiri wanafunzi wa Kiswahili, na haihitaji karo ya ziada.