Mwanafunzi Mwenye Kipawa Asomaye Nyumbani: Mpango wa Masomo ya Sekondari Kuelekea Chuo Kikuu

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani waraka wa kuwahimiza waanzishe na kudumisha shule za Kikristo. Palikuwapo hoja wakati ule kwamba kila mzazi na awafundishe wanawe mwenyewe; ya nini mji kugharimia shule? Luther aliijibu kwa sababu tatu. Wapo wazazi wasio na uchaji wala utu wa kuifanya kazi hiyo, hata kama wangaliiweza. Walio wengi hawana ujuzi, kwa kuwa wao wenyewe hawakufundishwa. Na hata wenye nia na ujuzi hawana nafasi, kwa maana kazi na shughuli za nyumba zimewashika.

Tunaanza na waraka huu kwa sababu unatupinga. Mlutheri anayetaka kumsomesha mwanawe sekondari nyumbani hana budi kuzijibu kwanza hoja hizo tatu, hasa ile ya tatu. Lakini waraka huohuo una upande mwingine usiosomwa sana. Luther hakutaka mtoto akae shuleni kutwa. Aliona saa moja au mbili kwa siku zingetosha, na muda uliobaki mtoto afanye kazi nyumbani au ajifunze ufundi. Wale walioonyesha kipawa cha pekee, ambao kwao yalitazamiwa mema kwa kazi ya kufundisha na kuhubiri, ndio aliotaka waachwe katika masomo kwa muda mrefu zaidi, au wawekwe huko kabisa. Basi mapokeo yetu yalikubali tangu mwanzo kwamba ratiba ya mwenye kipawa haiwezi kuwa ile ya wote.

Swali hili si la nadharia tu. Wachungaji wanaokwenda Marekani kwa masomo ya juu, au kuzitumikia jumuiya za wasemao Kiswahili huko, hukutana na desturi iliyo ngeni kwetu. Tangu mwaka 1993 mzazi anaruhusiwa kumfundisha mtoto wake nyumbani katika majimbo yote 50. Kwetu Tanzania mtoto mwenye akili ya pekee ametazamiwa kupelekwa katika shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Tabora. Marekani haina utaratibu wa taifa wa namna hiyo, na mtoto aliyemaliza aljebra ya kwanza akiwa na miaka 12 aweza kuketi mwaka mzima akirudia anayoyajua. Hapo ndipo mzazi humjia mchungaji wake akiuliza kama amtoe mtoto shuleni, na kama akimtoa, chuo kikuu kitampokea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Yupo binti wa miaka 13, mwana wa mchungaji anayesomea udaktari wa theolojia katika jimbo la Minnesota. Baba yuko maktaba mchana kutwa. Mama anafanya kazi zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Sheria ya jimbo hilo inawataka wampe taarifa mkuu wa elimu wa wilaya kabla ya tarehe 1 Oktoba, wafundishe masomo yaliyotajwa, toka kusoma na fasihi hata uchumi, uraia na afya, na mtoto apimwe kila mwaka kwa mtihani unaotumika kitaifa. Mzazi hadaiwi cheti cha ualimu. Majimbo mengine yanatofautiana sana: Texas karibu haidai lolote, New York na Pennsylvania hudai mengi. Kutimiza sheria ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yote.

Kuanzia mwisho

Mpango wa miaka minne, yaani darasa la 9 hadi la 12, huandikwa kuanzia mwisho. Mzazi achague vyuo vitatu au vinne ambavyo binti angeweza kuviomba, asome masharti ya kila kimoja, ndipo arudi nyuma mwaka kwa mwaka. Kwa kawaida vyuo hutazamia miaka minne ya Kiingereza, mitatu au minne ya hisabati, mitatu ya sayansi yenye kazi za maabara, mitatu ya historia na elimu ya jamii, na miwili au zaidi ya lugha ya kigeni. Somo la mwaka mzima huhesabiwa krediti moja, na krediti moja hukadiriwa kuwa saa 120 hivi za masomo.

Hesabu hiyo inafaa kuwekwa mezani mbele ya hoja ya tatu ya Luther. Masomo sita kwa mwaka ni saa 720. Zikigawanywa katika majuma 36, ni saa 20 kwa juma, au saa nne kwa siku kwa siku tano. Mama aliyetoka zamu ya usiku hawezi kusimama ubaoni saa nne, wala hahitajiki. Mwanafunzi tunayemzungumzia aweza kusoma kitabu cha jiometri peke yake na kukielewa. Kinachomhitaji mzazi ni kuweka utaratibu, kuchagua vitabu, kusoma yaliyoandikwa, na kuuliza maswali yasiyo na jibu nyuma ya kitabu. Saa moja kila siku isiyovunjwa kwa ajili ya wageni wala vikao inatosha kwa hayo, na ni saa ileile ya Luther. Nyumba isiyoweza kuitoa saa hiyo isimtoe mtoto shuleni.

Kosa linaloonekana zaidi ni kuharakisha kila kitu. Kwa kuwa mtoto anaweza, wazazi hupanga hisabati ya juu, sayansi tatu kwa pamoja, lugha mbili na muziki, na mwaka wa pili wote wamechoka. Kwa maoni yetu, afadhali zichaguliwe nyanja mbili tu za kwenda mbali, na nyingine ziende mwendo wa kawaida lakini zifanywe vizuri. Binti wetu na asome jiometri na aljebra ya pili katika darasa la 9, maandalizi ya kalkulasi katika la 10, kalkulasi katika la 11, na mwaka wa mwisho asome hisabati chuoni. Kemia na baiolojia ziende taratibu, na maabara itafutwe nje, kwa maana jikoni hapatoshi.

Kuandika kunahitaji uangalizi wa pekee. Watoto wa namna hii husoma kupita umri wao, lakini huandika kama watu wa umri wao, na kwa kuwa huongea vizuri, upungufu huo haugunduliwi hata siku ya kuandika insha ya maombi ya chuo. Insha moja kwa juma, isahihishwe kwa kalamu, irudishwe na iandikwe upya. Mara kwa mara asahihishe mtu asiyempenda mtoto kama mzazi ampendavyo.

Katika lugha, familia ya mchungaji ina hazina mbili isizozitambua. Ya kwanza ni Kiswahili. Chaweza kuhesabiwa kuwa lugha ya pili ya mwanafunzi iwapo atakisoma na kukiandika kwa kina: riwaya za Shaaban Robert na za Euphrase Kezilahabi, sarufi, ushairi, insha. Kuongea mezani pekee si somo. Ipo mitihani ya nje ya kupima ustadi wa lugha inayojumuisha Kiswahili, na ni vema afanye mmojawapo. Hazina ya pili ni Kiyunani. Baba aliyefundishwa lugha hiyo chuoni anaweza kumpa mwanawe kitu ambacho shule nyingi za jirani hazina, na huenda yeye mwenyewe akarudia vitenzi alivyokwisha kusahau. Mafundisho ya Kipaimara, ambayo huangukia miaka hiyohiyo, tungependelea yabaki usharikani pamoja na vijana wengine, bila kutafutiwa krediti.

Mashahidi wawili au watatu

Torati inaagiza kwamba jambo lisithibitishwe kwa shahidi mmoja, bali kwa wawili au watatu (Kumb. 19:15). Ofisi za udahili nazo hufikiri hivyo, ingawa hazitaji andiko. Karatasi ya alama iliyoandikwa na mama, inayosema kwamba binti yake alipata A katika kila somo, ni ushahidi wa mtu mmoja, tena mwenye upendeleo. Haikataliwi, lakini peke yake haibebi uzito. Hili ndilo jambo tunaloliona kuwa kiini cha mpango wote, na ndilo linalosahauliwa hata muda umepita.

Shahidi wa kwanza bado ni mzazi, naye atoe ushahidi mzuri. Kwa kila somo aandike aya moja ya maelezo: vitabu vilivyosomwa, kazi zilizofanywa, jinsi alama zilivyopatikana. Aandike mwaka uleule, maana atakayesubiri hadi darasa la 12 atajikuta anakumbuka nusu na kubuni nusu. Kwa kuwa nyumbani hapana mshauri wa shule, vyuo humtarajia mzazi aandike pia barua ya mshauri, akieleza kwa nini familia ilichagua njia hii.

Shahidi wa pili ni mitihani ya nje. SAT na ACT zinajulikana. Vyuo vingi viliacha kuzidai wakati wa janga la UVIKO-19, lakini vingine vimerudi: Massachusetts Institute of Technology ilizirejesha mwaka 2022. Mitihani ya Advanced Placement, ifanyikayo kila mwezi Mei, iko wazi kwa wasomao nyumbani, ila mzazi lazima atafute mapema, katika majira ya vuli ya mwaka uliotangulia, shule itakayokubali kumpokea mtahiniwa wa nje. Vitabu vya zamani vya ushauri bado hutaja mitihani ya SAT ya somo mojamoja. Hiyo ilikomeshwa mwaka 2021.

Shahidi wa tatu ni mwalimu asiye wa ukoo. Minnesota ina mpango ulioanzishwa mwaka 1985 ambao humwezesha mwanafunzi wa darasa la 11 na 12, na wa 10 kwa mipaka, kusoma masomo ya chuo kwa gharama ya jimbo, na wasomao nyumbani wamo. Fedha hizo hazilipii masomo ya dini. Profesa aliyemwona binti wa miaka 16 darasani mwake kwa muhula mzima aweza kuandika barua yenye nguvu kuliko karatasi zote za nyumbani. Lakini alama za masomo hayo ni za chuo kwelikweli na hubaki katika kumbukumbu zake. Kwa hiyo aanze na somo moja, alilo imara nalo.

Umri na kipawa

Wasomaji watamkumbuka Philipp Melanchthon. Alizaliwa Bretten mwaka 1497, na babu yake alimwajiri mwalimu, Johannes Unger, amfundishe Kilatini nyumbani. Unger alimchapa kwa kila kosa la sarufi, na Melanchthon mzee alisimulia hayo kwa shukrani, jambo ambalo sisi hatulipendekezi. Mwaka 1509, akiwa na miaka 12, aliingia Chuo Kikuu cha Heidelberg, na mwaka 1511 akapata shahada ya kwanza. Alipoomba kuendelea na shahada ya pili alikataliwa, sababu ikiwa ni udogo wake. Alihamia Tübingen mwaka 1512, akaipata mwaka 1514. Alipofika Wittenberg mwaka 1518 kufundisha Kiyunani alikuwa na miaka 21, na baadaye aliendesha nyumbani mwake shule ndogo ya kuwaandaa vijana kwa chuo kikuu.

Wapo wanaomtaja ili kuthibitisha kwamba mtoto mwenye kipawa asizuiwe. Sisi tunaiona pia ile miaka kati ya 1511 na 1514. Binti anayemaliza yote akiwa na miaka 15 si lazima aondoke nyumbani akiwa na miaka 15. Masomo ya chuo jirani akilala kwao, kuimba kwaya, kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili, vinaweza kuijaza miaka miwili bila hasara. Na yeye mwenyewe aulizwe. Mtoto wa mchungaji hukua akitazamwa na usharika mzima; asifanywe tena kuwa ushahidi wa uhodari wa wazazi wake. Akisema katika darasa la 10 kwamba anataka kurudi shuleni awe na wenzake, karatasi zilizotunzwa vizuri zitamwezesha kurudi bila kupoteza mwaka.

Familia inayotarajia kurudi Tanzania kabla mtoto hajaingia chuo ina shauri la pekee la kufikiria. Vyeti vya mitihani ya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lakini karatasi iliyotolewa na mzazi haina baraza nyuma yake. Asiyepita mfumo wa shule zetu amekuwa akitakiwa kuufaulu Mtihani wa Maarifa kabla ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa familia hiyo, uamuzi wa njia ipi ifuatwe ufanywe kabla ya darasa la 9, na barua ya kuuliza Baraza iandikwe baba angali na miaka mitatu ya masomo mbele yake.