Somo na Mwanagenzi: Urafiki Katika Kukua kwa Mchoraji

Neno "somo" katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Ni jambo lisomwalo au lifundishwalo. Ni mtu aliye na jina moja na mwenziwe. Ni rafiki wa siri. Na katika unyago ni yule amfundaye mwari na kumwonyesha njia ya utu uzima. Lugha haikuzikutanisha maana hizi bure. Iko elimu ambayo haitolewi ila na mtu apendaye, wala haipokewi ila na mtu aaminiye. Uchoraji una sehemu kubwa ya elimu ya namna hiyo. Kanuni za kuchanganya rangi zaweza kuandikwa kitabuni; walakini namna ya kutazama mti, subira ya kurudia kazi iliyoharibika, na ujasiri wa kuonyesha watu kitu ambacho hawajazoea kukiona, hupatikana kwa kukaa karibu na mtu aliyekwisha kupita njia hiyo.

Hata hivyo urafiki wa mkuu na mwanagenzi una hatari yake. Mkuu aweza kumpenda mwanagenzi hata akamsifu pasipostahili sifa, na sifa za bure huua kazi. Mwanagenzi naye aweza kumpenda mkuu hata akawa kivuli chake, akachora kama yeye maisha yake yote, asijue mkono wake mwenyewe una nini. Basi swali lafaa kuulizwa: ni urafiki wa namna gani unaokuza mkono wa mwanagenzi pasipo kuumeza? Wachoraji wawili waliofanya kazi Ufaransa katika karne ya 19, Camille Pissarro na Paul Cézanne, watoa mfano mwema wa kulijibu, kwa sababu picha zao nyingi zimehifadhiwa na zaweza kulinganishwa mwaka kwa mwaka.

Pissarro alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha St Thomas, bahari ya Karibi, wakati huo kikiwa koloni la Denmark. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, naye alitaka mwanawe aishike kazi ya duka. Kijana alikuwa akichora watu na vyombo bandarini alipokutana na Fritz Melbye, mchoraji kutoka Denmark aliyemzidi umri kwa miaka michache tu. Mwaka 1852 wawili hao walisafiri pamoja mpaka Venezuela, wakakaa huko karibu miaka miwili wakichora. Alipofika Paris mwaka 1855, Pissarro alipata mashauri ya mzee Camille Corot, na baadaye alijiandika katika orodha za maonyesho kuwa ni mwanafunzi wake. Kwa hiyo kabla hajawa somo kwa mtu mwingine, alikwisha kuonja mwenyewe utamu wa kushikwa mkono.

Cézanne alikuwa mtu wa tabia nyingine. Alizaliwa mwaka 1839 katika mji wa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, mwana wa mwenye benki. Alisoma sheria kwa amri ya baba yake, na mwaka 1861 akaruhusiwa kwenda Paris kujaribu uchoraji. Hapo, katika chumba cha wachoraji kilichoitwa Académie Suisse, alikutana na Pissarro kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwenye haya na mwepesi wa hamaki, na aghalabu alijiona hafai. Chuo cha sanaa cha serikali kilimkataa. Maonyesho rasmi ya Paris yalizikataa picha zake mwaka baada ya mwaka. Picha zenyewe zilikuwa za giza, zenye rangi nzito iliyokandikwa kwa kisu, na nyingi zilionyesha mambo ya ukali yaliyotoka katika mawazo yake wala si katika kitu alichokitazama. Wengi waliona kijana asiyejua kuchora. Pissarro aliona nguvu ambayo haijapata njia.

Vita vya mwaka 1870 baina ya Ufaransa na Prussia viliwatawanya wachoraji. Pissarro alikimbilia London, na aliporudi alikuta askari waliokaa katika nyumba yake ya Louveciennes wameharibu sehemu kubwa ya kazi yake ya miaka 15 hivi. Mwaka 1872 alihamia Pontoise, mji mdogo kando ya mto Oise. Cézanne alimfuata huko mwaka huo huo, pamoja na Hortense Fiquet na mtoto wao mchanga, ambao alimficha baba yake habari zao kwa hofu ya kunyimwa posho. Baadaye walikaa Auvers, kijiji cha jirani, na Cézanne alikuwa akienda kwa miguu kumfuata rafiki yake kazini. Huu ndio wakati ambapo mwanagenzi alikua, nao wafaa kuchunguzwa kwa makini.

Jambo la kwanza alilolifanya Pissarro ni kumtoa mwenziwe nje. Walichora mbele ya mashamba, njia na nyumba za wakulima, bega kwa bega. Mtu aliyezoea kuchora ndoto zake za hasira alipewa ukuta, mteremko na mti, na vitu hivyo havikasiriki wala havisifu. Vilimtaka atazame tu. Kwa mtu wa tabia ya Cézanne, kutazama kulikuwa ni dawa kabla ya kuwa ni ufundi.

Jambo la pili lilihusu rangi. Pissarro alimshauri kuacha rangi nyeusi na rangi za kahawia zilizotia giza katika picha zake, atumie nyekundu, manjano na buluu pamoja na zile zizaliwazo nazo. Ushauri huo waonekana mdogo, lakini athari yake ilikuwa kubwa. Mchoraji asiye na rangi nyeusi hawezi kukifanya kivuli kuwa ni shimo tu. Hana budi kuuliza kivuli hicho kina rangi gani. Picha za Cézanne za miaka hiyo zilipata nuru, na kisu kilianza kuipisha brashi.

Jambo la tatu ni lile ambalo watu wengi huliogopa, yaani kunakili. Cézanne aliazima picha moja ya Pissarro, mandhari ya Louveciennes ya mwaka 1871, akainakili kwa mkono wake. Atazamaye picha hizo mbili huona mara moja kwamba nakala si mtumwa wa asili yake. Njia ni ile ile, miti ni ile ile. Walakini katika nakala maumbo yamerahisishwa na kutiwa uzito, kana kwamba mwenye kunakili alikuwa akiuliza mifupa ya picha iko wapi. Kunakili kwa namna hiyo ni sawa na mwanafunzi wa ushairi kuhifadhi tungo za malenga: hazihifadhi ili azirudie maisha yake yote, bali sikio lake lipate vina na mizani, kisha atunge zake.

Inasimuliwa kuwa mkulima mmoja aliyewatazama wakifanya kazi alisema kwamba Pissarro alikuwa akidonoa turubai, na Cézanne alikuwa akiikandika. Ikiwa ndivyo, mkulima yule aliona jambo kubwa. Wawili walikuwa mahali pamoja, mbele ya kitu kimoja, wakitumia rangi zile zile, na bado kila mmoja alikuwa na mkono wake. Pissarro hakujaribu kuufuta mkandiko wa mwenziwe. Aliupa nuru, akauacha.

Ufundi peke yake haukutosha. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwaka 1874 wachoraji waliochoka kukataliwa waliandaa maonyesho yao wenyewe Paris. Baadhi yao hawakumtaka Cézanne, wakichelea kwamba picha zake zitawaletea aibu wote. Pissarro alisimama upande wake mpaka akakubaliwa. Alifanya hivyo katika mwezi wa msiba, maana siku chache kabla ya maonyesho kufunguliwa alikuwa amefiwa na binti yake; na alikuwa maskini mwenye watoto wa kulisha, ambaye hakuhitaji kujitwisha chuki ya watu kwa ajili ya mwingine. Maonyesho yalichekwa, na Cézanne alichekwa kuliko wengi. Hata hivyo picha yake moja, ile ya nyumba ya kijijini iitwayo "Nyumba ya Mtu Aliyenyongwa", ilipata mnunuzi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: Cézanne aliendelea, na katika miaka iliyofuata alirudi zaidi ya mara moja kufanya kazi karibu na Pissarro.

Kisha wakati wa kuachana njia ulifika. Cézanne alitafuta uimara wa maumbo, akarudi kusini kuchora mlima na nyumba za nchi yake. Pissarro, kwa upande wake, alikaribia umri wa miaka 56 alipojifunza namna ya kuchora kwa nukta ndogo ndogo kutoka kwa Georges Seurat, kijana aliyeweza kuwa mwanawe. Baada ya miaka michache aliiacha. Jambo hili lisipuuzwe. Aliyekuwa mwalimu wa wengi hakuona haya kuwa mwanagenzi tena, na labda hiyo ndiyo siri ya kufundisha kwake. Mtu ambaye bado anajifunza hawezi kumtaka mwanafunzi wake asimame mahali pamoja. Paul Gauguin naye alipita mikononi mwake, na picha za Gauguin za miaka ya baadaye hazifanani na za Cézanne wala za Pissarro. Wanafunzi wanaotofautiana hivi ni ushahidi wa namna walivyofunzwa.

Mwaka 1895 Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa picha ambaye Pissarro alikuwa mmoja wa waliomhimiza, alifanya maonyesho ya kwanza ya Cézanne peke yake mjini Paris. Cézanne alikuwa na umri wa miaka 56. Pissarro aliyatazama kwa furaha na kumwandikia mwanawe Lucien habari zake. Wivu haukumpata, ingawa wakati huo sifa za rafiki yake zilikuwa zinaanza kuzipita zake.

Pissarro alifariki mwaka 1903. Mwaka 1906, ambao ndio mwaka wa kufa kwake, Cézanne alionyesha picha katika mji wake wa Aix, na katika orodha ya maonyesho alijiandika kuwa ni mwanafunzi wa Pissarro. Alikuwa na miaka 67, na wachoraji vijana walikuwa wakisafiri kwenda kumwona yeye. Hakuna aliyemlazimisha kukiri deni, na aliyemdai hakuwa hai tena kulisikia neno hilo.

Basi jibu la swali laonekana. Urafiki ukuzao mchoraji haumpi mwanagenzi mkono mwingine badala ya wake. Humpa macho ya kutazama, humpa mahali pa kukosea bila kuchekwa, husimama naye siku ya aibu, kisha humwacha aende. Mwanagenzi naye ana wajibu wake: kupokea bila kiburi, kunakili bila utumwa, kuondoka bila ugomvi, na kulitaja jina la aliyemfunza hata baada ya jina lake mwenyewe kuwa kubwa. Mahali yanapokutana mambo hayo, maana zote mbili za neno "somo", rafiki na fundisho, huwa ni maana moja.