Sanduku Linalomshinda Mwizi na Kuua Betri

Kufikia mwishoni mwa Septemba, mashine za kupulizia salfa hurudi nyumbani. Ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, umeshapigwa vita tangu Mei au Juni, maua yaliyonusurika yameshakuwa korosho changa, na kilichobaki ni kusubiri kuokota. Kuanzia hapo hadi msimu ujao, vifaa vya kazi vya mkulima wa Newala au Masasi vinalala: mashine ya petroli, bomba la mgongoni la kuchaji, msumeno wa kupogolea, drili kwa mwenye ufundi, na betri ya sola inayowasha taa za nyumbani. Vilale wapi? Karibu kila nyumba ina jibu lilelile: sanduku la chuma, kufuli kubwa, kona ya chumba cha ndani. Mteja akimwendea fundi wa kuchomelea mjini Masasi, agizo lake ni fupi. "Fundi, nitengenezee boksi zito, lisipitishe hata upepo."

Hapo penye upepo ndipo nina ugomvi. Dhidi ya mwizi tunaziba. Dhidi ya joto na gesi tunaacha wazi. Sanduku moja linaloagizwa kwa ajili ya mwizi peke yake, kisha likajazwa kila kitu, hulinda vyuma vizuri na kuua betri polepole, na likitiwa petroli na salfa huwa hatari kwa wanaolala chumba cha pili. Ukitaka ushauri wangu kwa ufupi, tenganisha: zana mahali pake, betri mahali pake, petroli na salfa nje kabisa ya nyumba ya kulala. Mengine yote hapa ni maelezo ya kwa nini na vipi.

Tuanze na betri, maana ndiyo inayoonewa zaidi. Mabomba mengi ya mgongoni ya kuchaji yanayouzwa madukani yana ndani yake betri ndogo ya risasi na asidi, ya volti 12 na ampea-saa 8 hivi. Betri ya namna hii hupoteza chaji yenyewe hata bila kutumika, asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi kwenye nyuzi joto 25. Joto likipanda kwa nyuzi 10, upotevu huo hukaribia kuongezeka maradufu. Sasa piga hesabu ya hapa kwetu. Kutoka Oktoba hadi Mei ni miezi minane. Sanduku la chuma lililowekwa juu ya dari, karibu na bati, linaweza kupita nyuzi 40 mchana wa Oktoba au Novemba, hasa kule Masasi chini, ambako joto ni kali kuliko Newala juu kwenye uwanda. Betri iliyoingia sandukuni ikiwa nusu, kwa sababu siku ya mwisho ya kupulizia hakuna aliyekumbuka kuichaji, itakuwa tupu kabla ya Pasaka. Na betri ya risasi ikikaa tupu, bamba zake huota fuwele ngumu za salfeti ambazo chaja ya kawaida haiziondoi. Mei mkulima anawasha bomba, linakohoa dakika tano, linazima. Analaumu duka lililomuuzia, au anasema ni feki. Mara nyingi betri ile haikuuawa na kazi, iliuawa na usingizi.

Dawa yake ni rahisi. Osha bomba, mwaga dawa yote iliyobaki, toa betri au chomoa waya wake, ichaji mpaka ijae, kisha iweke mahali pa baridi pasipo jua. Kila baada ya miezi miwili itoe uipime kwa mita. Ikiwa imepumzika saa kadhaa na inasoma volti 12.7 au karibu na hapo, imejaa. Ikisoma 12.4, ichaji. Ikifika 12.0 umeshachelewa, ila chaji hata hivyo. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri yenyewe, maana daftari hupotea.

Betri za lithiamu, zile za drili na za mashine mpya nyepesi, zina tabia tofauti, na kuchanganya kanuni hizi mbili kumegharimu watu fedha. Lithiamu haipendi kulala ikiwa imejaa. Iache kati ya asilimia 40 na 60, yaani vitaa viwili kati ya vinne, na uitoe kwenye mashine. Joto huizeesha pia, tena haraka. Ikianza kuvimba, hiyo si ya kuhifadhi tena: itoe ndani, iweke mbali na kitu chochote kinachowaka, usiitoboe wala kujaribu kuichaji "mara ya mwisho".

Kuna imani kwamba betri ikiwekwa sakafuni, simenti huinyonya chaji. Zamani, betri zilipokuwa na maganda ya mbao na mpira mgumu uliovuja, ilikuwa na ukweli wake. Maganda ya plastiki ya leo hayavuji chaji namna hiyo. Hata hivyo simkatazi mtu kuweka kipande cha ubao chini: asidi ikidondoka utaiona, na sakafu ya udongo iliyo na unyevu si rafiki wa vyuma. Kipakwe oili chafu tu, la sivyo mchwa wataanza na ubao kabla ya kugusa kingine.

Sasa salfa. Mfuko wa kilo 25 uliobaki nusu hutupwa palepale penye mashine, kwa kuwa ni vitu vya kazi moja. Salfa ya unga inashika moto kwa urahisi, na vumbi lake likiwa hewani linaweza kulipuka kwa cheche. Ikiungua hutoa gesi inayobana kifua na kuchoma macho. Lakini hata bila moto ina madhara ambayo wengi hawayaoni. Hushika shaba na kuifanya nyeusi. Fungua swichi ya bomba lililolala msimu mzima pamoja na salfa uangalie zile ncha za kugusana: rangi ya shaba imeondoka, kuna utando mweusi, umeme haupiti vizuri. Na salfa ikipata unyevu hula chuma. Ule ukungu wa asubuhi wa Juni na Julai, unaoupa ubwiriunga nguvu kwenye mikorosho, huingia pia kwenye stoo. Kwa hiyo mfuko wa salfa ufungwe vizuri na ukae peke yake, kwenye kibanda kikavu, juu ya chaga.

Petroli nayo ifikiriwe kwa tabia ya mvuke wake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo. Gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri ya maji wakati wa kuchaji ni nyepesi mno. Hupanda na kukaa darini, na ikifikia asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. Mmoja anatambaa, mwingine anapaa, na cheche ya klipu ya chaja inatosha kwa wote wawili. Ndiyo maana mashine ya petroli iwekwe baada ya kumwaga mafuta yote yaliyo kwenye tangi na kuiacha injini iungurume mpaka kabureta ikauke. Utanufaika mara mbili, kwa sababu mchanganyiko wa petroli na oili ukikaa miezi mingi huganda na kuziba kabureta.

Tukija kwenye sanduku lenyewe, la zana, huko ndiko ninakomuunga mkono mteja anayetaka uzito. Ila wengi hutumia fedha mahali pasipo udhaifu. Wananunua kufuli kubwa la kung'aa, kisha wanalining'iniza kwenye komeo lililofungwa kwa skrubu nne ambazo vichwa vyake viko nje. Mwizi hana haja na kufuli, anahitaji bisibisi. Angalia sanduku lako leo: ukiziona skrubu wakati mlango umefungwa, umenunua pambo. Komeo lichomelewe, au lifungwe kwa bolti zinazopita hadi ndani na nati zake zichomelewe huko. Bawaba nazo: pini yake ikiwa nje na inasogea, itapigwa nyundo mara mbili itoke, na mfuniko utafunguka upande wa nyuma huku kufuli limefungwa salama mbele. Mwambie fundi aidondoshee pini kipande cha weldi juu na chini. Kisha achukue kipande kifupi cha bomba la chuma akichomelee kuzunguka mahali pa kufuli, ili mkono wako uingie na ufunguo lakini mkasi wa kukatia chuma usipate pa kung'ata. Kwa bamba, milimita moja na nusu inatosha nyumbani. Zaidi ya hapo unanunua uzito ambao ungeupata bure kwa kulifunga sanduku chini.

Na kulifunga chini ndiko kunakosahauliwa. Sanduku tupu la chuma hubebwa na watu wawili. Watalifungulia porini kwa nafasi. Chimba shimo la futi moja, weka nondo iliyokunjwa kama herufi U, jaza zege, upitishe bolti au mnyororo mzito kutoka ndani ya sanduku. Nyumba za tofali mbichi zina tatizo lake: ukuta hutobolewa kutoka nje bila kelele, tena usiku wa mvua kazi huwa nyepesi zaidi. Kwa hiyo usiliegemeze sanduku kwenye ukuta wa nje. Likae kwenye ukuta wa kati, mahali ambapo anayetoboa atalazimika kuingia ndani kwanza na kuamsha watu.

Ndani ya sanduku hilo la zana, betri isiingie. Sababu si joto peke yake. Spana ikiangukia nguzo mbili za betri ya gari, mamia ya ampea hupita kwa kufumba na kufumbua. Spana huwa nyekundu, plastiki huyeyuka, na pete ya ndoa ikiwa katikati, kidole hakitasahau. Hata kwa muda wa safari, funika nguzo kwa kipande cha mpira wa tyubu ya pikipiki.

Betri ya sola je, ambayo haiwezi kufichwa mbali kwa sababu waya ukirefuka umeme unapungua njiani? Wengi huilaza chumbani, karibu na mto, kwa kuogopa wezi. Kama ni ya maji, ihame. Itengenezewe tundu la nondo za milimita 10 au 12 kwenye ukuta wa ukumbini au barazani palipo kivuli, lenye nafasi ya kupitisha hewa juu na chini, na wavu mdogo wa kuzuia panya, ambao wanapenda sana maganda ya waya. Nondo zisimame karibu kiasi kwamba mkono haupiti na betri haitoki bila mlango kufunguliwa. Betri ya ampea-saa 100 ina kilo 30 hivi. Hilo peke yake ni ulinzi, ukiongeza na nondo mwizi mwenye haraka atatafuta kwingine. Fyuzi ikae karibu na betri.

Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu enzi, na hilo linaingia hata hapa. Asidi ikiruka machoni, tiba ni maji safi mengi, kwa robo saa bila kukatiza, kisha hospitali. Weka dumu la lita 20 karibu na betri na ukatae lisitumike kupikia. Iliyomwagika sakafuni inyunyizie magadi, au jivu la jikoni ukikosa magadi. Ikiacha kutoa povu imetulia. Na ukiongeza maji kwenye betri, yawe maji ya betri ya dukani. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu hadi kwenye kisima cha uani ni mazuri kwa mengi, si kwa hili.

Kuna wanaouliza kwa nini ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, lisihifadhi mashine za wanachama wote. Wazo lina mantiki: kuna mlinzi, kuna chaga, kuna daftari, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 watu wamezoea kukabidhi mali na kupewa karatasi. Kikwazo ni kalenda. Ghala huwa na nafasi wakati mashine ziko shambani, na hujaa magunia wakati mashine zinatafuta pa kulala. Tena korosho hushika harufu. Hakuna mnunuzi wa mnada atakayefurahia gunia lililokaa jirani na tangi la petroli. Chama kinachotaka kufanya hivi kijenge chumba cha pembeni, chenye mlango wake na paa lake.

Chochote utakachochagua, chora alama mahali panapoonekana na nyingine mahali pasipoonekana, kwa msumari wa moto kwenye plastiki au kwa patasi kwenye chuma. Piga picha ya namba ya kiwandani na umtumie ndugu aliye mbali, ili simu ikiibiwa pamoja na mashine ushahidi ubaki. Kitu kisicho na alama hata kikipatikana kituo cha polisi, kukidai ni kazi.

Betri iliyokufa kabisa nayo inahitaji pa kukaa mpaka mnunuzi wa chuma chakavu apite. Ikae wima, asidi ikiwa ndani yake, mbali na watoto na kuku. Wapo wanaoipasua wenyewe wauze risasi kwa kilo, na kumwaga asidi nyuma ya nyumba. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi katika damu na udongo, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mnunuzi akikuambia atalipa zaidi ukiimwaga asidi kwanza ili betri iwe nyepesi kubeba, mwuzie mwingine.