Ngao na Sumu: Sheria za Kujilinda na Silaha za Kemikali na Vijidudu

Mwezi wa Desemba 1935, jeshi la Italia lilipokuwa likipigana katika Ethiopia, nchi inayopakana na Kenya upande wa kaskazini, ndege zake zilianza kumwaga sumu juu ya askari na raia. Sumu hiyo huitwa gesi ya haradali, lakini kwa kweli ni kama mafuta, nayo huchoma ngozi, hupofusha macho na kuharibu mapafu. Wapiganaji wengi wa Ethiopia walikuwa hawana viatu. Walipokanyaga majani yaliyolowa sumu hiyo nyayo zao zilitoka malengelenge, na hawakujua ni kitu gani kilichowapata. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mjini Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, akayaeleza mambo hayo kwa kinywa chake mwenyewe.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sheria ya kukataza ilikuwapo. Tarehe 17 Juni 1925, katika mji uleule wa Geneva, mataifa yalipatana kwamba gesi za sumu na vijidudu vya maradhi visitumiwe vitani. Italia iliukubali mkataba huo mwaka 1928, na Ethiopia mwaka 1935. Lakini mkataba ulikataza kutumia tu. Haukukataza kutengeneza sumu wala kuiweka ghalani, haukuteua mkaguzi, wala haukusema neno juu ya mtu atakayeshambuliwa: ni nani atakayempa kifuniko cha uso, dawa au daktari. Tena mataifa kadhaa makubwa yaliukubali kwa sharti kwamba yakipigwa kwa sumu yatajibu kwa sumu. Basi dola zenye uwezo zilijiwekea akiba ya sumu, na zile zisizo na uwezo zilibaki na karatasi.

Tangu siku zile sheria nyingine zimetungwa, zenye nguvu zaidi. Wengi wamesikia kwamba silaha za sumu zimepigwa marufuku duniani. Wachache wamesikia kwamba sheria hizo zinahusu pia kujilinda, na sehemu hiyo ndiyo tupendayo kuieleza hapa.

Huenda msomaji akauliza: Je, kujilinda nako kwahitaji sheria? Mtu akijenga boma la miiba kumzuia chui, ni nani atakayemwuliza? Lakini kujilinda na sumu si kama kujenga boma. Chukua kile kifuniko cha uso anachovaa askari. Ndani ya kikopo chake mna makaa yaliyotayarishwa kwa namna maalumu, ambayo hunasa sumu kabla haijafika puani. Fundi atajuaje kama makaa hayo yanafaa? Hana budi kuyajaribu kwa sumu yenyewe. Hali kadhalika mfugaji aujuaye ugonjwa wa kimeta afahamu kwamba chanjo ya ng'ombe hutengenezwa kwa vijidudu vya kimeta vilivyodhoofishwa. Kwa hiyo mwenye kutengeneza ngao analazimika kuwa na sumu kidogo nyumbani mwake. Na jirani akichungulia dirishani ataiona sumu, nia hataiona.

Shida nyingine ni kwamba sumu ya vita na dawa ya shamba ni ndugu. Mwaka 1936 mtaalamu wa Kijerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu waharibuo mimea. Akapata kitu kikali mno, ambacho baadaye kilimdhuru yeye mwenyewe na msaidizi wake. Kikaitwa tabuni, na kikawa cha kwanza katika zile sumu zinazovuruga mishipa ya fahamu, hata mtu akashindwa kuvuta pumzi. Dawa kadhaa za kunyunyizia mimea na kuogeshea mifugo ni za ukoo huohuo, ijapokuwa nguvu yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya sumu ya vita. Ndiyo sababu mkulima huonywa asizichanganye kwa mikono mitupu. Hata dawa ya kumwokoa aliyedhurika, iitwayo atropini, ni moja kwa mkulima na kwa askari. Mtu angekataza kila kitu chenye sumu, angefunga majosho na hospitali pia.

Mkataba mkubwa wa silaha za kemikali ulitiwa sahihi Paris mwezi wa Januari 1993 ukaanza kutumika tarehe 29 Aprili 1997. Kenya ilikuwa mwanachama tangu siku hiyo ya kwanza. Mkataba huo huangalia kusudi. Kemikali yoyote yenye sumu huhesabiwa kuwa silaha, isipokuwa imekusudiwa kwa kazi isiyokatazwa, na aina yake na kadiri yake vinalingana na kazi hiyo. Kazi zisizokatazwa ni kama kilimo, viwanda, utafiti na utabibu. Na kujilinda na silaha za kemikali kumetajwa waziwazi miongoni mwa kazi hizo. Wakaaji wa mijini wanaoujua moshi wa kutoa machozi huenda wakastaajabu wakisikia kwamba mkataba huu wamruhusu polisi kuutumia kutawanya ghasia, lakini wamkataza askari kuutumia kama njia ya kupigana vitani. Sababu yake si ngumu. Vitani adui akiuona moshi hana nafasi ya kuuliza ni wa namna gani. Atadhani ni wa kuua, naye atajibu kwa ulio mbaya zaidi.

Tena mkataba waweka vipimo. Sumu kali kabisa, ambazo hazina kazi kubwa ila kuua, zimeandikwa katika jedwali la kwanza. Dola moja hairuhusiwi kuwa na zaidi ya tani 1 ya sumu hizo zote pamoja wakati wowote, yaani uzito wa magunia kama 11 ya mahindi. Zaweza kutengenezwa katika kiwanda kimoja kidogo kilichokubaliwa. Na kwa ajili ya kujilinda yaruhusiwa nyumba moja zaidi, ambayo kwa mwaka mzima haitatengeneza zaidi ya kilo 10. Ikiwa dola yataka kumpa mwenziwe kiasi cha sumu hiyo kwa majaribio ya vifaa, pande zote mbili sharti zitoe habari siku 30 kabla, na aliyepokea haruhusiwi kumpa mtu wa tatu. Wakaguzi wa Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali, lenye makao yake mjini The Hague, huja kutazama na kupima. Kila mwaka kila mwanachama hupeleka maelezo ya mipango yake ya kujilinda. Mwenye ngao huambiwa aionyeshe, isije ikadhaniwa kuwa ni upanga.

Mkataba wa mataifa ni jambo moja. Sheria ya nyumbani ni jambo jingine, nayo mara nyingi ndiyo inayomgusa mtu na mali yake. Tutazame habari za Marekani, kwa maana huko sheria ilianza kwa kondoo.

Katika jimbo la Utah kuna uwanja mkubwa wa majaribio ya jeshi uitwao Dugway. Mwezi wa Machi 1968 ndege ilinyunyiza huko sumu ya mishipa iitwayo VX. Siku chache baadaye kondoo wapatao 6,000 walianguka katika Bonde la Skull, nje ya mipaka ya uwanja. Wafugaji hawakuwa wameambiwa lolote. Jeshi lilisitasita kukubali kosa, lakini fidia ililipwa. Kelele zikawa nyingi nchini kote, na mwezi wa Novemba 1969 Bunge la Marekani likatunga sheria. Sumu ya kuua isisafirishwe kwenda wala kutoka kambini, wala isijaribiwe hewani, mpaka Waziri wa Ulinzi aamue kwamba usalama wa nchi wahitaji hivyo. Mpaka wakuu wa afya ya watu waelezwe hatari zake na wapate nafasi ya kutoa mashauri. Na mpaka Bunge na magavana wa majimbo yanayohusika wapewe habari. Kwa kusafirisha ni siku 10 kabla, na kwa majaribio siku 30. Sheria hiyo ilihusu pia nchi za ng'ambo: sumu isipelekwe kuwekwa katika nchi ya watu bila kuiarifu nchi hiyo kwanza. Mwezi huohuo Rais Nixon alitangaza kwamba Marekani yaacha silaha za vijidudu, na kwamba utafiti wa vijidudu utabaki kwa ajili ya kujilinda tu.

Katika vita vya Ghuba vya 1991 jeshi la Marekani lilienda Uarabuni likihofu sumu za Iraki, na ikaonekana kwamba matayarisho yake ya kujilinda yalikuwa na upungufu mwingi. Sheria iliyotiwa sahihi Novemba 1993 iliamuru kwamba kazi yote hiyo iwe chini ya afisi moja katika Wizara ya Ulinzi, fedha zake ziandikwe peke yake, zisichanganywe na za majeshi mbalimbali, na Bunge lipewe taarifa kila mwaka: vifaa vingapi vipo, askari wamefundishwa kiasi gani, chanjo na dawa zikoje. Jambo hilo laonekana kama la makarani tu. Lakini askari aliyepewa kifuniko kibovu hatakuwa na nafasi ya kulalamika.

Na yule ambaye kifuniko na dawa hujaribiwa mwilini mwake? Mwezi wa Mei 1953, katika kituo cha majaribio cha Porton Down nchini Uingereza, askari wa jeshi la anga mwenye umri wa miaka 20 alidondoshewa sumu ya sarini juu ya kitambaa kilichofungwa mkononi mwake, ili ijulikane nguo yaweza kuzuia sumu kwa kiasi gani. Akafa siku ileile. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake ulifanywa kwa siri, ukasema ni ajali. Uchunguzi wa pili ulifanywa hadharani, na mwaka 2004 ukaamua kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Yeye hakuwa adui wa mtu. Alikufa katika kazi ya kujilinda.

Sheria ya Marekani ya 1997 juu ya jambo hili yakataza Wizara ya Ulinzi kujaribu kemikali au vijidudu juu ya raia au mtu yeyote, kisha yataja yanayoruhusiwa, na kujilinda na sumu ni mojawapo. Kwa maoni yetu mlango huo ni mpana, kwa kuwa kila mwenye kufanya majaribio atasema anajilinda. Komeo lake ni moja: mtu aelezwe kwanza, akubali kwa hiari yake, na Bunge lipewe habari.

Upande wa vijidudu sheria ni dhaifu zaidi. Mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 1972, ukaanza kutumika 1975, na Kenya iliingia mwaka 1976. Wakataza kuwa na vijidudu vya aina au kadiri isiyo na sababu ya kinga, ulinzi au amani. Lakini kilo haikutajwa, na mkaguzi hakuwekwa. Mazungumzo ya kuweka ukaguzi yalivunjika mwaka 2001. Matokeo ya upungufu huo yalikuwa yameonekana zamani. Mwaka 1979, katika mji wa Sverdlovsk wa Urusi ya Kisovieti, watu zaidi ya 60 walikufa kwa kimeta. Serikali ilisema walikula nyama ya wanyama wagonjwa, na mfugaji yeyote angeweza kuamini hivyo. Mwaka 1992 Rais Boris Yeltsin alikiri kwamba maradhi hayo yalitoka katika kazi ya jeshi. Nchi hiyo ilikuwa imetia sahihi mkataba.

Tumerudi kwa mtu asiye na ngao. Katika mkataba wa 1993 kuna fungu la 10, ambalo mkataba wa 1925 haukuwa nalo. Lasema kwamba kila mwanachama ana haki ya kufanya utafiti wa kujilinda na kupata vifaa vyake, na kwamba akishambuliwa kwa sumu, au akitishwa nayo, aweza kuomba msaada. Wenziwe wameahidi kusaidia, kwa fedha, kwa mapatano, au kwa kutaja mapema watakachotoa. Saa zimehesabiwa. Mkuu wa Shirika lazima aanze uchunguzi katika muda wa saa 24 tangu kupokea ombi, na taarifa yake iwe tayari katika saa 72. Halmashauri ya Shirika hukutana katika saa 24 baada ya hapo, nayo huamua kwa wingi wa kura kama msaada zaidi utolewe. Kama watu wanakufa tayari, Mkuu huyo aweza kupeleka msaada wa haraka bila kungoja.

Misaada yenyewe imetajwa: vyombo vya kutambua sumu, mavazi na vifuniko vya uso, vitu vya kusafishia mwili na ardhi, dawa za kuponya, na watu wa kutoa mashauri. Dola 193 ni wanachama. Ethiopia iliukubali mkataba huo mwaka 1996, kabla haujaanza kutumika.