Joto la Upper Hill: Saruji au mabadiliko ya hali ya anga?

Mkazi aliyehamia Upper Hill, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuta nyumba za chini zenye bustani pana na miti mirefu. Leo mtaa huo umejaa majumba marefu, likiwemo lile la Britam lenye urefu wa mita 200, lililokamilika mwaka wa 2017. Mkazi huyo akilalamika kwamba usiku hauna tena baridi aliyoizoea, je, alaumu saruji au hali ya anga ya dunia?

Vyote viwili vinahusika. Kuta na lami hunyonya joto la jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Miti, ambayo hupoza hewa, imekatwa kwa wingi. Ndiyo maana wataalamu hawategemei kipimajoto cha jijini peke yake.

Wao hulinganisha rekodi za vituo vingi kwa miaka 30 au zaidi, kipindi ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukitumia kukokotoa wastani. Rekodi za Kenya zaonyesha kuwa joto la wastani limepanda kwa takriban nyuzijoto 1 ya Sentigredi tangu mwaka wa 1960, na kwamba usiku wa joto umezidi kuwa wa kawaida. Tena, kule Mlima Kenya hakuna saruji wala lami, lakini barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, ingawa upungufu wa theluji nao ulichangia.

Mvua ndiyo kitendawili kigumu zaidi. Mvua ya masika, ya Machi hadi Mei, ilianza kupungua katika miaka ya 1980, ilhali makadirio mengi ya kompyuta yalibashiri kuwa Afrika Mashariki ingepata mvua zaidi. Ya vuli hufuata Bahari ya Hindi: maji ya upande wa Afrika yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua huzidi, kama ilivyokuwa mwaka wa 2019.

Kuanzia vuli ya 2020 hadi ya 2022, maeneo kame ya Kenya yalikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Kisha masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, wakiwemo wakazi wa Mathare jijini Nairobi.

Ukame mmoja au furiko moja si ushahidi tosha. Hata hivyo, hewa ikiongezeka joto kwa nyuzijoto 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na wakati wa kiangazi hukausha udongo upesi.

Katika Upper Hill, maji yanayoanguka juu ya mapaa na lami hayapenyi ardhini. Huteremka kuelekea Barabara ya Bunyala, ambayo hufurika mara kwa mara. Mhandisi anayepima upana wa mtaro pale hawezi kutegemea wastani wa mvua wa miaka ya zamani. Anahitaji kujua ni kiasi gani kikubwa kabisa kinachoweza kunyesha kwa saa moja.